Nasaba za Quebec: Shika Ndoa, Usishike Jina

Raia wa Quebec mwenye asili ya Kifaransa, hata akiwa mjukuu wa wakulima wa kawaida kabisa, mara nyingi anaweza kuufuata ukoo wake hadi kwa walowezi wa karne ya 17. Wanaoanza kazi hii hukimbilia jina la ukoo. Wazoefu huanza na ndoa.

Padri alipofungisha ndoa, kwa kawaida aliandika majina ya wazazi wa pande zote mbili, tena mama aliandikwa kwa jina alilozaliwa nalo. Hati moja hivyo inatoa familia nne. Mtafutaji huitafuta ndoa ya wazazi wa bwana harusi, kisha ya wazazi wa bibi harusi, na kila anayoipata inampandisha kizazi kimoja. Ubatizo husaidia kidogo tu, kwa kuwa wavulana wengi walitanguliziwa jina Joseph na wasichana Marie.

Mnyororo huu umedumu kwa sababu amri ya mfalme Louis XIV wa Ufaransa ya mwaka 1667 ilitaka vitabu vya parokia viandikwe nakala mbili: moja ibaki parokiani, nyingine ipelekwe mahakamani. Kanisa likiungua, bado kuna pa kutazama. Kati ya 1871 na 1890 padri Cyprien Tanguay alizipanga familia hizo katika juzuu saba, na tangu 1966 watafiti wa Université de Montréal wamekuwa wakiziunganisha hati za zamani kwa kompyuta.

Kikwazo ni lakabu. Kikosi cha Kifaransa cha Carignan-Salières kilipowasili Quebec mwaka 1665, askari wake wengi walikuwa na majina ya jeshini, kama Lafleur au Sansouci. Wapatao 400 walibaki, na lakabu zikaandikwa baada ya jina la ukoo, katikati likiwekwa neno "dit", yaani "aitwaye". Pierre Hudon dit Beaulieu alimwoa Marie Gobeil mwaka 1676. Leo wazao wake wengine ni Hudon, wengine Beaulieu. Anayefuata jina moja tu hupoteza nusu ya ukoo. Dawa yake ni kumshika mke: mume akiandikwa Hudon hapa na Beaulieu kule, Marie Gobeil ni yuleyule.

Waliohamia Marekani waliongeza fundo jingine, kwani baadhi walitafsiri majina, Boisvert akawa Greenwood. Hapo pia hutafutwa ndoa ya mwisho iliyofungwa Quebec.

Lakini njia hii ina mpaka. Mwandishi Jack Kerouac, mzaliwa wa Lowell, Marekani, alikwenda Ufaransa mwaka 1965 kutafuta asili yake akarudi mikono mitupu. Mhenga wake alikuwa ameoa huko Cap-Saint-Ignace, Quebec, mwaka 1732, akijulikana kwa jina la Le Bris de Kerouac. Miaka ya mwisho ya 1990 ndipo mtafiti Patricia Dagier alipombaini: Urbain-François Le Bihan de Kervoac, mtoto wa mthibitishaji wa mikataba kutoka Huelgoat, Brittany. Kitabu cha parokia kilihifadhi alichoambiwa padri, si zaidi. Kwa hiyo anayefika kwa mhamiaji wa kwanza hana budi kutafuta ushahidi wa pili upande wa Ufaransa: ubatizo, mkataba au saini, kabla ya kutangaza kwamba amefika.