Nani anatajwa, nani anajitaja

Wandugu, mu nyimbo zetu za rumba na ndombolo kuko kitu kinaitwa libanga: mtu anatoa pesa, mwimbaji anataja jina lake. Tunacheza, na kisha siku mbili tunaanza kuliheshimu lile jina, hata hatujui mwenyewe alifanya nini. Ni vile wimbo unatengeneza wakubwa.

Ndiyo maana "En route pour le milliard" ya Dieudo Hamadi (2020) ilinigusa. Miye nilisoma mambo ya mpunga na mihogo, si sinema, lakini macho ninayo. Wahanga wa vita ya siku sita ya Kisangani, Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji, wanapanda boti na kushuka na mto mpaka Kinshasa kudai malipo. Wengine hawana miguu. Ni maji yale yale ya Lualaba yanayopita karibu na Kasongo. Katikati ya safari Hamadi anawaonyesha wao wenyewe ku jukwaa, wanaimba na kuigiza maumivu yao. Pale hakuna aliyelipa ili atajwe.

Lawama ninayo moja: kijana asiyejua ile vita atatoka bila kuelewa kwa nini majeshi mawili ya kigeni yalipigania kwetu.

Mwaka 2022 korti ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita. Mu nganda, miye bado sijasikia wimbo unaotaja jina la hata mhanga mmoja.