Kumbukumbu, Maandishi na Mwongozo: Funzo Kutokana na Mashairi ya Muyaka

Watahiniwa wengi hueleza umuhimu wa vina na mizani kwa sentensi moja: huleta mahadhi. Jibu hili si kosa, ila halijakamilika. Arudhi pia ni hifadhi.

Tumchukue Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776-1840). Hati za Kiarabu zilitumika Pwani tangu zamani, lakini shairi lilitungwa lighaniwe, na tungo zake nyingi zilidumu vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor walipozikusanya mwishoni mwa karne ya 19. William Hichens alichapisha diwani yake mwaka wa 1940. Zilidumuje? Mshororo wa mizani 16 hugawika nane kwa nane, kila kipande na kina chake. Anayeghani akisahau neno, sikio humshtaki: mizani hupungua au kina hupotea. Umbo lenyewe humrejesha njiani.

Kitabu kilipoichukua kazi hiyo ya kukumbuka, mtunzi alipata uhuru. Si ajabu kwamba mashairi huru, kama yale ya Kezilahabi katika Kichomi (1974), yalizuka enzi ya chapa. Karatasi ikikumbuka, shairi halilazimiki kujilinda kwa vina. Hata hivyo, hasara ipo: leo mwanafunzi huihesabu mizani kwa vidole asiisikie.

Hapa ndipo tunapaswa kuutazama mwongozo wa tahakiki. Taylor na Sikujua walihifadhi maneno ya mtunzi. Kufikiri wakamwachia msomaji. Mwongozo huhifadhi kufikiri kwenyewe: maudhui, wahusika na mbinu vimekwisha kuchambuliwa. Mtahiniwa huukariri, na swali la Karatasi ya Tatu likigeuzwa kidogo tu, hana la kusema. Niliwahi kusahihisha majibu ya darasa langu nikakuta mfano mmoja umerudiwa na wanafunzi kumi na wawili, hata jina la mhusika likiwa limekosewa vilevile.

Je, tuitupe miongozo? La hasha. Mwanafunzi na asome kitabu kwanza, aandike hoja zake, ndipo azilinganishe na za mwongozo. Aidha, kila wiki darasa lighani ubeti mmoja kwa ghibu. Walimu wenzangu, akiba iliyo nje ya kichwa humfaa yule aliye na kitu kichwani cha kuipimia.