Pedali ngumu, mchoro wa kidato cha kwanza na neno "upepo"

Mchoro wa breki ambao wengi wetu tuliuchora sekondari kwenye mada ya kanieneo una vitu vinne: pedali, masta silinda, bomba lenye mafuta, na silinda ndogo kwenye tairi. Chini yake kuna kanuni ya Pascal, mwalimu anafunga mada, mnahamia nyingine. Mchoro wenyewe hauna kosa. Shida ni kwamba magari madogo yanayoingia gereji za hapa Pasua yana kitu cha tano ambacho mchoro umekiruka, na mara nyingi hicho ndicho kinachokuwa kimeharibika pedali ikiwa ngumu kama jiwe.

Kitu chenyewe ni busta: lile duara jeusi, kama sufuria mbili zilizofunikana, lililokaa kati ya pedali na masta silinda. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira. Injini ya petroli inanyonya hewa kutoka pande zote mbili za kiwambo kupitia mpira mnene unaotoka kwenye manifodi. Ukikanyaga pedali, hewa ya kawaida ya nje inaruhusiwa kuingia upande wa dereva tu. Upande mmja una hewa, mwingine una ombwe, kwa hiyo kiwambo kinasukumwa mbele pamoja na mguu wako. Yaani anayesimamisha gari kwa sehemu kubwa ni hewa hii hii tunayovuta. Ni jambo lile lile Otto von Guericke alilowaonyesha Wajerumani miaka ya 1650, farasi waliposhindwa kutenganisha bakuli mbili zilizotolewa hewa.

Sasa angalia ajabu: kanieneo ya hewa imo kwenye mada ile ile ya Pascal! Kurasa chache tu zinatenganisha nusu mbili za breki moja, na hakuna anayeziunganisha. Kwa mwanafunzi wa Moshi hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu hapa tuna maabara ya bure. Usawa wa bahari kanieneo ni kama kilopaskali 101. Moshi mjini, karibu mita 800 juu, ni kama 92. Geti la Marangu, mita 1,879, ni kama 81. Chukua busta yenye kipenyo cha sentimita 25, na injini iliyo sailensa ikiacha kilopaskali 35 ndani ya manifodi. Dar es Salaam hewa itakusaidia kwa nyutoni 3,200 hivi. Marangu, zaidi kidogo ya 2,200. Karibu theluthi ya msaada imeyeyuka, na bado hakuna kilichoharibika. Busta iliyokuwa inavuja kidogo huko Dar bila mtu kujua, huku juu itajulikana tu.

Lawama zangu za pili ni za lugha. Gereji zetu zinatumia "upepo" kwa mambo matatu. Kuna upepo ulioingia kwenye mabomba ya mafuta, ambao unatakiwa kutolewa. Kuna breki za upepo za malori, ambazo bila upepo hazifanyi kazi. Halafu kuna busta "isiyovuta upepo". Mteja anasema breki ngumu, anajibiwa, "Bosi, zina upepo hizo," na kazi ya kutoa upepo inaanza, tairi baada ya tairi. Lakini hewa inabanika, mafuta hayabaniki. Hewa ikiingia kwenye mabomba, pedali inakuwa laini, inazama kama unakanyaga sponji. Kutibu pedali ngumu kwa kutoa upepo ni kutibu ugonjwa ulio kinyume chake. Mteja analipa, anaondoka na pedali ile ile, na kesho anapeleka abiria Kibosho.

Simlaumu fundi peke yake. Fundi aliyejifunzia kwenye mchoro wa vitu vinne atatafuta kosa ndani ya vitu vinne.

Kupima hakuhitaji kifaa. Zima injini, kanyaga pedali mara tano sita mpaka iwe ngumu, kisha uiache mguu juu yake na uwashe. Inatakiwa izame kidogo. Isipozama, busta haipati ombwe au imekufa. Jaribu pia hivi: acha injini iwake dakika moja, izime, halafu kanyaga. Mkanyago wa kwanza uwe laini, wa pili na wa tatu ipande. Kama wa kwanza tu tayari ni mgumu, ombwe halihifadhiwi. Shuku valvu ya njia moja au mpira uliopasuka. Ukisikia "shhhh" isiyoisha karibu na miguu unapokanyaga, na injini inatetemeka, kiwambo kimechanika.

Pedali ikizama vizuri kwenye majaribio hayo lakini gari halisimami, hapo ndo uende kwenye tairi: kalipa iliyoshika kutu, pedi zilizoungua zikang'aa. Na uliza kama kuna mtu aliongeza oili ya injini kwenye kopo la mafuta ya breki. Oili inavimbisha mipira yote ya mfumo.

Dizeli ni habari nyingine kidogo. Kwa kawaida manifodi yake haitoi ombwe la kutosha, hivyo inapewa pampu. Kwenye Hiace za zamani za injini za 2L na 3L, pampu imefungwa nyuma ya alternata. Ukibadilishiwa alternata na wiki hiyo hiyo breki zikawa ngumu, huna haja ya kwenda mbali.

Halafu wale wanaoshuka kutoka Marangu wamezima injini ili kuokoa mafuta. Busta ina akiba ya mikanyago miwili au mitatu, basi. Ukishuka na gia ndogo huku injini inawaka na mguu umetoka kwenye mafuta, ombwe la petroli linakuwa kali kuliko hata sailensa, na injini yenyewe inakushikia gari. Sindano za magari mengi ya kisasa hazimwagi hata petroli wakati huo.

Kabla ya kununua busta, ng'oa ule mpira mnene upande wa busta, injini ikiwaka, uzibe kwa kidole. Usiponyonya kidole, kosa liko kwenye mpira au huko unakotoka, na mpira ni bei rahisi kuliko busta.