Lenzi Inavyoipanua Pampanito

Picha nyingi zinazopigwa ndani ya nyambizi za makumbusho huonyesha nafasi ambayo mabaharia wake hawakuwa nayo. Chukua Pampanito, nyambizi ya Marekani iliyopigana katika Pasifiki mwaka 1944 na 1945, na ambayo tangu 1982 imefungwa gatini San Francisco ili wageni waingie waione. Kwa urefu inafika mita 95, lakini bomba la chuma lililowakinga watu na shinikizo la maji halizidi mita 5 kwa kipenyo. Humo walibanana watu wapatao 80, injini nne za dizeli, betri zake, torpedo 24 na chakula cha safari nzima. Mpiga picha akiingia na lenzi ya milimita 16, chumba cha torpedo hugeuka ukumbi. Wapo wanaosema hiyo ni tofauti ya ladha tu. Sikubaliani nao, kwa sababu historia ya vita ya chombo hiki imo ndani ya ufinyu wake, na picha inayouondoa ufinyu imeondoa ushahidi.

Ushahidi wenyewe ni wa Septemba 1944, katika Bahari ya Kusini ya China. Tarehe 12, nyambizi za Marekani ziliushambulia msafara wa meli uliotoka Singapore kwenda Japani. Sealion iliizamisha Rakuyo Maru. Pampanito, chini ya nahodha Paul Summers, ikaizamisha Kachidoki Maru, meli ambayo, kwa kejeli ya vita, ilikuwa ya Marekani kabla Wajapani hawajaiteka mwaka 1941. Wamarekani hawakujua kwamba meli zote mbili zilijaa mateka wa Kiingereza na wa Australia, wengi wao wakiwa wameshatumikishwa kwenye reli ya Burma na Siam. Siku tatu baadaye Pampanito ilipita tena eneo lile, ikawakuta watu juu ya vipande vya maboya na mbao, wamejaa mafuta mwili mzima. Iliwaopoa 73. Chombo kilichokuwa kimejaa kikapokea karibu idadi nyingine ya watu kama ile iliyokuwamo, na kwa hali hiyo kikasafiri hadi Saipan. Tukio hilo lilipigwa picha palepale sitahani, na picha hizo zipo hadi leo. Nguvu yake haitokani na silaha yoyote inayoonekana, bali na miili ya watu iliyo karibu mno na chuma.

Sasa turudi kwenye lenzi. Kwenye kamera ya fremu kamili, milimita 16 huona takriban nyuzi 97 kwa upana, na milimita 28 huona kama 65. Hata hivyo, si lenzi yenyewe inayorefusha chumba, ni umbali. Kitanda kilicho nusu mita kutoka kwa kamera na mlango ulio mita 5 vinatofautiana kwa umbali mara kumi, kwa hiyo kitanda huonekana kikubwa na mlango hukimbilia mbali. Lenzi pana inamruhusu mpiga picha asimame karibu hivyo bila kukata kitu, na hapo ndipo udanganyifu unapozaliwa. Atajibu kwamba hana pa kurudi nyuma, maana mgongo wake umeshagusa bomba la maji. Jibu hilo ni la haki, ila halijamaliza njia. Vyumba vya nyambizi vimetenganishwa na kuta za chuma zenye milango midogo ya mviringo, ya kuinama na kuinua mguu. Ukisimama chumba cha pili ukapiga kupitia mlango huo kwa milimita 28, umbali unapatikana, na fremu ya mlango inabaki ndani ya picha kama kipimo ambacho jicho halibishani nacho. Utapoteza pembe za chumba. Lakini pembe hizo hata baharia hakuweza kuziona zote kwa mara moja.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Flashi hurudi kwa ukali kutoka kwenye shaba na rangi ya mafuta, na kuunganisha picha nyingi za mwanga tofauti hadi kila kivuli kiishe hukifanya chuma king'ae kama bidhaa ya dukani. Ni afadhali kuegemeza kamera kwenye reli, kufungua shata kwa muda mrefu na kuviacha vivuli viwe vivuli. Taa nyekundu zilikuwa na kazi yake: kuyaandaa macho ya walinzi waliokuwa karibu kupanda sitahani usiku. Kuzimwaga jikoni au kwenye chumba cha injini ni kufuata sinema, na Pampanito yenyewe imeshaigiza kwenye kichekesho cha mwaka 1996, Down Periscope.

Lipo pingamizi zito zaidi: kwamba hakuna lenzi inayoweza kuonyesha vita vilivyokwisha. Mabomu ya kina yaliharibu mwili wa Pampanito katika doria yake ya kwanza, lakini uharibifu ulirekebishwa mwaka uleule wa 1944, na anachokipata mgeni ni rangi safi. Nyambizi nyingi za makumbusho pia zimetobolewa sitaha ili kuwekwa ngazi za wageni. Cod, iliyoko Cleveland, imebaki na ngazi zake za wima. Pingamizi hilo ni kweli, na ndiyo maana picha ya namna hii haikamiliki bila maelezo chini yake. Picha hutoa kipimo cha mahali, maneno hutoa tendo. Wengi hupotea hapa pia, kwa sababu hupenda kuandika habari ya uokoaji peke yake. Wale 73 wengi wao walikuwa wa Rakuyo Maru, meli iliyozamishwa na Sealion. Waliokufa kwa torpedo za Pampanito walikuwa wa Kachidoki Maru, na mateka wa Kiingereza waliokufa humo ni zaidi ya 400. Mhariri akiletewa picha ya chumba cha torpedo yenye maelezo yanayotaja namba ya kwanza bila ya pili, airudishe.