Kuchagua chumba Valletta: anza na ukuta

Picha za vyumba vya kupanga Valletta zote ni ndugu: shuka nyeupe, dirisha wazi, bandari inang'aa nyuma. Mimi dirisha naliacha mwisho. Nikishapewa ufunguo, kwanza naweka kiganja ukutani, shibiri mbili hivi kutoka sakafuni, nyuma ya kabati kama mkono unafika. Ukuta mzima una ubaridi mkavu, na kiganja kinatoka na vumbi kidogo la manjano. Ukuta mgonjwa unanata, tena umeota unga mweupe kama ukoga wa ulimi. Unga huo ni chumvi. Kama bado uko nyumbani hujalipa, mwombe mwenye nyumba picha ya kona ya chini ya chumba. Anayekutumia tena ile ya bahari, mshukuru na uendelee kutafuta.

Mji huu ulianza kujengwa mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya Waturuki kuizingira Malta na kushindwa, na hadi leo sura yake ni ya jiwe la aina moja, la rangi ya asali, ambalo Wamalta huliita franka. Likitoka machimboni ni laini, msumeno unalikata. Likikaa hewani linajifanyia ngozi ngumu, na ngozi hiyo ndiyo kinga yake. Kwa hiyo nyumba iliyosuguliwa kwa mashine ya kupuliza mchanga ikawaka kama mpya hainivutii: imechunwa. Baada ya muda chumvi ya bahari inaila mpaka uso wake unatoboka kama sega la nyuki.

Kosa la pili ni saruji, na hili aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar hahitaji kufundishwa. Ukuta wa mawe na chokaa ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unanaswa ndani, lipu inafura, halafu inabambuka vipandevipande. Fundi anayelijua franka hujaza viungo kwa chokaa, na viungo vyake havijitokezi kama mishipa juu ya jiwe.

Nililipia somo hili. Safari yangu ya kwanza nilichukua chumba kilichokuwa chini ya usawa wa barabara, bei poa, na kwenye kona kulikuwa na mashine ya kunyonya unyevu ikinguruma usiku kucha. Nikaiona hisani. Asubuhi ya tatu viatu vyangu vya ngozi vilikuwa vimeota kuvu. Siku hizi nikiiona mashine ile chumbani, najua mwenye nyumba amekwisha kujisemea.

Ukuta ukifaulu, toka nje utazame juu. Gallarija ni roshani ya mbao iliyofungwa kwa vioo, imekalia mawe yaliyochongwa, na aghalabu imepakwa kijani, nyekundu au buluu. Ndiyo sebule ndogo ya nyumba: unakaa ndani, unaona mtaa mzima, mtaa haukuoni vizuri. Iliyotunzwa, madirisha yake yanafunguka bila kupigwa bega, na rangi haikufunika mbao iliyooza. Bonyeza kizingiti kwa kidole gumba. Kikibonyea, usiwaache watoto waegemee.

Kuhusu upande wa mji, watu hubishana bure. Valletta ina urefu wa kilomita moja tu, bahari kushoto na kulia. Upande wa bandari ya Marsamxett unapata jua la magharibi, zuri machoni lakini kero chumbani mwezi wa Agosti, na mbele yako yapo maghorofa ya mji wa Sliema. Mimi ni wa upande wa pili, wa Bandari Kuu, ghorofa ya pili kwenda juu, maeneo ya mtaa wa St. Ursula. Mtaa wenyewe una ngazi, kwa hiyo mwenye magoti mabovu au sanduku zito aulize mapema gari linafika wapi. Na usijisogeze sana mdomoni mwa bandari wakati wa baridi: mlango wake unatazama kaskazini-mashariki, kule unakotokea upepo wanaouita grigal.

Kelele nazo zina ramani. Mizinga ya bustani ya Upper Barrakka hupigwa saa sita mchana na saa kumi jioni. Unashtuka siku ya kwanza, ya pili unarekebishia saa. Strait Street ni habari nyingine. Ulikuwa mtaa wa mabaharia na baa zao, na baa zimerudi. Kupanga juu yake wikendi ni kununua muziki wa mwenzio.

Bei zikikuzidi, shuka kwa lifti ya Barrakka, mita 58, uvuke bandari hadi mji wa Birgu. Wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, wale waliokuja kuijenga Valletta, walikaa huko tangu 1530, kabla Valletta haijawa hata mchoro. Vichochoro ni vyembamba na jioni pametulia, na kutoka upande huo unauona mji wote ng'ambo ukigeuka rangi jua linapozama. Dukani, muuzaji akihesabu chenji kwa Kimalta, tega sikio: sitta, sebgħa, disgħa. Lugha yao ina asili ya Kiarabu, na sita, saba na tisa zetu zimetoka hukohuko. Chenji nikaihesabu mwenyewe, ikatimia.