Ufundi wa Banio Linalovuja

Mto Katuma hushuka kutoka milima ya magharibi ya Mpanda, hupita katikati ya mashamba ya mpunga, kisha huingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kulisha mbuga za Katavi na Chada. Maji yanayobaki hufuata mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Wengi humsifu mchimba mfereji wa umwagiliaji kwa wingi wa maji anayoyatoa mtoni. Mimi namsifu kwa yale anayoyaacha yapite, maana hapo ndipo ufundi ulipo. Kutoa maji hakuhitaji fundi: tuta la udongo likikatiza mto mzima, maji yatakwenda shambani yenyewe. Matuta ya namna hiyo yaliwekwa Katuma, juu ya hifadhi, na watafiti wakayataja miongoni mwa sababu za mto kukauka kiangazi na viboko kurundikana kwenye madimbwi ya tope. Banio la fundi, yaani kizuizi kinachogeuzia maji mferejini, ni jingine. Fundi hupanga mawe, hushindilia matawi na majani, na maji huvuja katikati. Wamarakwet wa Kenya wamejenga hivyo kwa vizazi vingi kwenye mteremko wa bonde la Kerio. Mafuriko yakija hulibomoa, nao hulijenga upya. Kuvuja huko, kunakoonekana kama kasoro, ndiko kunakomfikishia maji jirani wa chini. Mfereji wenyewe hufuata mwinamo mdogo sana: ukizidi, maji hukwangua kingo, ukipungua, hutuama na mchanga ukajaa.

Yupo atakayesema zama hizo zimepita, tujenge banio la zege lenye malango ya chuma. Tujenge, tena haraka. Zege halichukuliwi na mafuriko kwa urahisi. Ila lango la kuachia mto maji likifungwa usiku kucha hukausha Katuma sawasawa na tuta la udongo, na Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, pamoja na vibali vyake, haiwezi kukesha mtoni. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtoto hashibi kwa kuona kiboko. Kweli kabisa. Lakini chini ya hifadhi Kavuu hupita Mpimbwe, kwenye wakulima na wafugaji wenye watoto vilevile, na maji yao ndiyo haya haya. Kwa hiyo skimu yoyote mpya ya umwagiliaji ya Katuma ingepaswa kuchimba kwanza mfereji wa kutolea maji, ule unaoyatoa kwenye majaruba na kuyarudisha mtoni, ndipo lijengwe banio.