Kiini, Bati au Bamba? Kuhusu Ukataji wa Chuma cha Mota

Miongoni mwa tafsiri za maelezo ya zabuni nilizopata kuzipitia, mna moja iliyotaja mota yenye kiini kilichokatwa kwa leza. Kisarufi haina kosa. Walakini, mtumishi wa serikali atakayeidhinisha ununuzi kwa kuitegemea atakuwa ameidhinisha asichokijua.

Tuanze na kiini. Twasema kiini cha yai, kiini cha kokwa, kiini cha habari. Kwa Mswahili hicho ni kitu cha ndani, kizima, kilichozungukwa na vingine. Sasa tuifungue mota. Chuma cha stata, yaani cha sehemu isiyozunguka, aghalabu hakimo katikati; ndicho kinachoizunguka rota. Wala si kipande kimoja. Ni mabamba mengi membamba, aghalabu yenye unene wa nusu milimita au pungufu, yaliyopakwa kihami na kupangwa moja juu ya jingine. Yametengwa kwa sababu usumaku unaogeukageuka huzusha ndani ya chuma mikondo ya umeme inayojizungusha bure na kukipasha moto. Bamba likipunguzwa unene kwa nusu, hasara itokanayo na mikondo hiyo hubaki kama robo. Neno kiini halidokezi lolote katika hayo.

Neno kukata lina kasoro ya namna nyingine, nayo ni upana. Twakata kuni, twakata tiketi, twakata shauri, hata tamaa twaikata. Lakini viwandani njia ya kukata ndiyo huamua sehemu ya ufanisi wa mota. Mabamba mengi hukatwa kwa kubinywa baina ya ncha na kalibu. Mbinyo huo huvuruga mpangilio wa chembe za chuma ukingoni, na usumaku hupata taabu kupita hapo. Kalibu ikichakaa huacha miba. Miba hutoboa kihami na kuliunganisha bamba na mwenziwe, na ile mikondo iliyozuiwa hurejea. Leza haibinyi, ila joto lake huacha mkazo katika chuma cha ukingoni, kwa hiyo upya wake si sifa ya kutosha. Maji ya shinikizo kubwa na cheche za waya hudhuru kidogo zaidi, lakini ni njia za polepole na za gharama. Atasema mtu kwamba madhara yenyewe hayaingii ndani zaidi ya milimita chache. Ndiyo, lakini jino la stata ya mota ndogo nalo lina upana wa milimita chache tu: jino zima ni ukingo.

Tuchukue mfano wa pampu ya maji, kama zile zivutazo maji ya Ziwa Victoria kwa ajili ya jiji la Mwanza. Mota ya kilowati 75 ikifanya kazi kwa mzigo kamili saa 8,000 kwa mwaka, na ufanisi wake ukawa asilimia 94 badala ya 95, italiwa uniti zipatazo 6,700 zaidi kila mwaka. Kwa nini basi mfasiri asiandike: ukataji kwa kalibu, kwa leza, kwa maji, kwa cheche?

Kuhusu chuma chenyewe, nilivutwa mno na neno bati. Mwanza kuna kata nzima iitwayo Mabatini, na mkazi wake hahitaji kamusi kuelezwa bati ni nini. Hapo ndipo kwenye hatari. Analolijua ni bati la kuezekea, lililopakwa zinki. La mota ni chuma kilichochanganywa na silikoni, na la paa haliwezi kushika nafasi yake. Bamba halina ahadi hiyo ya uongo. Napendekeza bunda la mabamba, kama tusemavyo bunda la karatasi (ndugu zetu wa mji wa Bunda watuwie radhi). Ni refu kuliko kiini, nakubali.

Fundi wa kusuka mota ndiye atakayefaidika kwanza. Akiambiwa achome kiini ili nyaya za zamani zitoke, atakoleza moto bila hofu, kwani kipande cha chuma kitadhurika nini? Akijua kuwa ni bunda lenye kihami kati ya bamba na bamba, atauliza kiasi cha joto; na kwa vihami vingi jibu ni lisizidi takriban digrii 370 za Selsiasi.

Limebaki jambo moja. Baada ya kukatwa, mabamba yakipashwa moto kwa kipimo na kupozwa taratibu, hurudishiwa sehemu ya ubora yaliyoupoteza. Kazi hii tuiiteje? Kulainisha hakufai, maana ulaini sio unaotafutwa. Kutuliza kunakaribia, ingawa kunanuka hospitali. Warongo wa Buzinza, kusini-magharibi mwa Ziwa, walikuwa mabingwa wa kuyeyusha na kufua chuma. Mwalimu aliye karibu na wazee wao angetufaa sana kama angewauliza walikiitaje chuma kilichorudishwa motoni kikapumzishwa.